Waliokula Skonzi za Wageni

Voi,
18 Juni 2025

Kwa Naibu wa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Wasichana ya Msidunyi,
Wundanyi.

KUH: BARUA YA KUOMBA MSAMAHA

Mwalimu Mwandawiro,

Uliponisimamisha masomo ulisema barua iwe ya ukurasa mmoja, kwa mkono, na ianze kwa neno "naomba". Naomba basi uniwie radhi kwa mwandiko. Naandikia juu ya meza ya kibanda cha chai cha mama, na wateja wanaitikisa.

Naomba msamaha kwamba wageni waliotununulia oveni walifika Jumamosi saa kumi na mbili na nusu jioni, wana njaa na vumbi, wakapewa mkate wa dukani na majarini. Walikuwa wametoka Uingereza, na gari lao lilikuwa limewafia njiani, pale Mraru. Yule bibi mwenye fimbo alikula mkate ule huku akitabasamu, na tabasamu lile linaniuma mpaka leo. Naomba msamaha kwake.

Naomba msamaha pia kwamba uliponihoji mbele ya walimu sikujibu. Haikuwa dharau. Nikisimama mbele ya watu zaidi ya watatu, maneno hunikimbia yote, hata jina langu. Nikiwa na karatasi hurudi.

Lakini unataka niandike kwamba niliiba skonzi ishirini za krimu. Hilo siwezi kuliandika. Nilizioka mimi, kama ulivyoniagiza. Mapishi niliyapata kwenye kile kitabu cha maktaba kisicho na jalada: unga, hamira, sukari, siagi, yai, maziwa ya uvuguvugu. Zikishaiva unaziacha zipoe kabisa, unazipasua juu kwa mshazari, unatia jamu kwanza, halafu krimu iliyopigwa mpaka isimame. Jamu tulichemsha ya forosadi, kutoka mti ulio nyuma ya bweni. Kitabu kinasema skonzi hizi huliwa na chai ya alasiri, siku ile ile zilipojazwa. Zililiwa na chai. Zililiwa siku ile ile. Waliozila walikuwa wameketi mezani, kwa sahani, na walistahili.

Kwa hilo siombi msamaha.

Mwanafunzi wako,
Shanice Ndila Mutunga,
Kidato cha Tatu.

N.B. Barua hii inaletwa na Bw. Hudson, anayeshusha maziwa ya Wundanyi kila asubuhi hadi kibandani kwa mama.


Msidunyi,
20 Juni 2025

Shanice,

Nakurudishia barua yako. Nimeandika juu yake kwa wino mwekundu, na narudia hapa: hii si barua ya kuomba msamaha. Umejilaumu kwa mambo ambayo hakuna aliyekulaumu, na lile moja unalolaumiwa umelikataa katika mstari wa mwisho.

Nitakuambia ninachojua. Niliingia ukumbi wa wageni saa kumi na mbili na nusu nikiwa na wageni nyuma yangu. Kitambaa cha meza kilikuwa na madoa. Vikombe sita vilikuwa vimetumika. Skonzi hazikuwapo. Ulikuwa umesimama peke yako na bakuli tupu la krimu, na ulipoulizwa ukatazama viatu vyako.

Unaijua kanuni iliyobandikwa mlangoni pa stoo: mpishi hali chakula cha wageni wala haketi ukumbi wa wageni. Anayevunja anaachishwa kazi. Wapishi wote watano wametoa taarifa kwa maandishi kwamba hawakula. Bi. Tryphena, unayeshinda naye kila Jumamosi, ametia sahihi yake. Kwa hivyo ama ulikula na marafiki zako, ama kuna mpishi anayenidanganya, na mikataba yao inatazamwa upya mwezi huu.

Niandikie majina ya wote waliokula. Mwalimu Mkuu yuko safarini na jambo hili liko mikononi mwangu. Mitihani inaanza tarehe 7 Julai. Asiyeifanya atarudia kidato.

Nilikuwa nikikuhesabu miongoni mwa wasichana watulivu.

O. Mwandawiro,
Naibu wa Mwalimu Mkuu.


Voi,
22 Juni 2025

Shikamoo Mama Tryphena,

Nimemwomba Bw. Hudson akupe hii mkononi, jikoni, wala si ofisini. Ameniuliza kama ni barua ya mapenzi. Nimemwambia ni ya unga.

Mwalimu ameniandikia kwamba umetia sahihi kuwa hukula. Nimesoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma kitabu chochote. Nilikuona ukila, Mama. Ulikula polepole, krimu ikakushika puani, na Nzilani akacheka mpaka akamwaga chai. Ulisema miaka ishirini na miwili umewapikia wageni chai na hujawahi kuletewa kikombe ukiwa umeketi kwenye kiti chenye mgongo. Kisha ukasema, "Sasa najua kwa nini hawa watu hawamalizi mazungumzo yao upesi." Nimeyakumbuka hayo yote kwa sababu ndiyo alasiri nzuri zaidi niliyowahi kuwa nayo Msidunyi.

Kila Jumamosi nakuona wewe na wenzako mkinywea chai juu ya magunia ya maharagwe, kwa vikombe vya plastiki, na ng'ambo ya ukuta kuna ukumbi wenye viti kumi na viwili visivyo na mtu. Siku ile meza ilikuwa imetandikwa na wageni tumeambiwa hawaji. Ningeweza kuzipeleka skonzi kwenye friji ya maabara. Sikutaka. Unakumbuka hamkutaka kuingia, na nikavuta viti kimoja kimoja? Sijawahi kuwaambia watu wazima waketi.

Nimekasirika. Sijui kama ni kwako. Lakini sitaandika jina lako, wala la Nzilani, wala la Kituku, wala la mtu yeyote wa jikoni, hata nikirudia kidato mara mbili. Nilitaka ulijue hilo.

Jana nilijaribu kuoka skonzi hapa kwa jiko la mkaa la mama, na sufuria kubwa ndiyo oveni. Unakumbuka unga wangu wa kwanza huko juu, nilivyouweka dirishani nikingoja nusu saa kama nilivyozoea Voi, ukabaki kama jiwe? Ukanicheka: "Ndila, kwa baridi ya hapa hata sisi tunaumuka saa nne." Mpaka ulipowaza lile sanduku la kulea vifaranga la darasa la Kilimo, lenye balbu, tukalisugua na vifaranga wakahamia kapuni saa nzima wakitusema. Hapa Voi unga uliumuka kabla sijamaliza kuosha bakuli. Lakini krimu! Ilisimama dakika moja kisha ikalala, ikawa maziwa. Mteja mmoja aliimimina kwenye chai akasema ni tamu.

Kama ni hatari, usinijibu.

Wako,
Shanice Ndila


Msidunyi,
24 Juni 2025

Mwanangu Ndila,

Marahaba. Naandika nikiwa stoo, mlango umefungwa, na Nzilani anakaa nje akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya. Akinyamaza nijue mtu anakuja.

Ni kweli nilitia sahihi. Tuliitwa ofisini mmoja mmoja. Karatasi ilikuwa imeshachapwa, maneno yote yako tayari, "sikula" iko tayari, pengo ni la jina tu. Mwalimu akasema, "Bi. Tryphena, soma kisha utie sahihi." Ningesoma nini? Nilikuwa natazama kalamu. Nilifikiria Danson wangu yuko mwaka wa mwisho chuoni, nikafikiria nina miaka hamsini na minne na magoti haya, ni jikoni gani jingine litanichukua. Nikatia sahihi. Tangu siku hiyo napika uji na sionji chumvi wala sukari. Kituku ananiambia uji umekuwa kama maji ya kuoshea mchele.

Una haki ya kunikasirikia. Usijizuie.

Lakini nisikilize. Andika tu samahani, urudi. Usirudie kidato kwa ajili ya matumbo ya wazee. Sisi tulikula, tukashiba, basi. Wewe una kichwa cha vitabu, na mimi sitaki kukuona mwakani bado umevaa sweta hiyo hiyo yenye viwiko vilivyochoka.

Na lile la mlangoni, usiliseme. Najua uliona, ulikuwa hatua mbili tu nyuma yangu. Liache. Ukimwaibisha mkubwa atatafuta mdogo wa kumalizia hasira, na mdogo aliye karibu ni mimi.

Nzilani amenyamaza.

Tryphena


Voi,
26 Juni 2025

Kwa Naibu wa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Wasichana ya Msidunyi.

KUH: MAJINA YA WALIOKULA

Mwalimu Mwandawiro,

Mama amenisihi nikuandikie unachotaka. Anasema neno samahani halitozwi ushuru, niliandike hata mara mia nirudi darasani. Baba alipiga simu kutoka Mariakani, anakotengeneza lori, akauliza swali moja: "Uliiba?" Nikasema la. Akasema, "Basi kaa hapo ulipo." Nimekaa siku nne nikifikiri. Kuna mtu ninayemheshimu ambaye amenikataza kuandika barua hii. Ninamwomba msamaha yeye, kwa kuwa naiandika.

Saa kumi tarehe 14 Juni meza ilikuwa tayari. Saa kumi na moja wageni hawakuwa wamefika. Ulikuja mlangoni mwa jikoni ukiongea kwa simu. Palikuwa na mtu amesimama na sinia, akizihamishia skonzi ukumbini. Hukumtazama usoni. Ulichukua skonzi moja, ukaila yote ukiwa umesimama, simu sikioni, ukafuta vidole kwenye kitambaa cheupe kilichokuwa begani mwake. Halafu ulimwambia wa kwenye simu: "Kama gari limekufa, leo hawafiki tena. Tupange siku nyingine." Ukaenda zako. Nilikuwa nyuma ya mlango nimeshika bakuli la krimu.

Kwa hivyo mimi sikuchukua chakula cha wageni. Wewe mwenyewe ulikuwa umesema hakuna wageni. Walipofika saa kumi na mbili na nusu, sisi sote tulishangaa.

Umetaka majina. Haya hapa.

Waliokula skonzi za wageni, Jumamosi tarehe 14 Juni:

1. Bw. Obadiah Mwandawiro.

Mengine sitayaandika. Ukitaka kumwadhibu mtu kwa kula, orodha ianze kutoka juu.

Sidhani ulinidanganya, Mwalimu. Nadhani ulisahau. Ulisahau kwa sababu hakuna kanuni iliyobandikwa mlangoni inayokutaja wewe. Yule aliyekatazwa angekumbuka mpaka mbegu ya forosadi iliyomkwama jinoni.

Uliandika kwamba ulinihesabu miongoni mwa watulivu. Mimi bado ni mtulivu. Ninaandika hii kwa sauti ndogo sana.

Shanice Ndila Mutunga


Msidunyi,
28 Juni 2025

Shanice,

Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza niliikasirikia. Nilianza kukuandikia jibu kali na nikalichana. Jioni nilitoa shati nililovaa siku ile. Mkononi lina doa jekundu. Wiki hizi mbili nilidhani ni wino wa kusahihishia, na mke wangu amelisugua kama wino bila mafanikio. Nimelinusa. Ni jamu.

Nilikula. Sikuwa nimetia kitu tumboni tangu asubuhi na sikufikiri hata kidogo. Ni kweli pia kwamba nilisema wageni hawafiki. Nilikuhukumu kwa tendo nililolifanya mwenyewe, na kwa maneno yaliyotoka kinywani mwangu. Naomba unisamehe.

Rudi Jumatatu. Huna haja ya kuja na mzazi. Barua ya kuomba msamaha inayotakiwa kwenye faili lako imepatikana. Ni ya mkono, ukurasa mmoja, ina neno "naomba". Ni hii, na sahihi ni yangu.

Mambo ya jikoni tuyaache yaishie hapo. Sitamuuliza mpishi yeyote tena. Taarifa zao zitabaki kwenye faili kama zilivyo, na kila mtu aendelee na kazi.

O. Mwandawiro


Voi,
29 Juni 2025

Mwalimu Mwandawiro,

Nimeipokea barua yako asubuhi hii. Ng'ombe wa Bw. Hudson hawapumziki Jumapili. Niliisoma nikasimama nyuma ya kibanda nikalia kidogo. Mama alidhani nimefukuzwa shule kabisa. Nilipomsomea akapiga vigelegele, wateja wakapiga makofi bila kujua ni ya nini, na tayari amenipigia pasi sketi.

Lakini nakurudishia. Nimeandika juu yake kwa penseli, kwa sababu wino mwekundu si haki yangu: hii bado si barua ya kuomba msamaha.

Mimi umeniomba, na nimekusamehe kwa moyo wote. Wao hujawaomba. Kwenye faili kuna karatasi tano zinazosema "sikula", na neno hilo ulilichapa wewe kabla hawajaingia mlangoni. Ukiziacha humo, siku yoyote mtu akikasirika atazitoa na kusema: tazama, huyu ni mwongo, sahihi yake hii hapa. Mimi nitakuwa nimerudi darasani na kalamu zangu, na wao watakuwa wamebaki na karatasi zile juu ya vichwa vyao.

Barua kama hii waandikie watu wa jikoni. Majina unayajua, huhitaji mimi nikuandikie. Kisha uwarudishie karatasi zao mikononi.

Sitarudi Jumatatu. Nikipata habari kwamba imefanyika, nitarudi siku hiyo hiyo. Ikifika tarehe 7 bila habari, nitarudia kidato. Usidhani siogopi. Nimeweka kitabu cha Kemia hapa mezani na nimesoma ukurasa mmoja tangu asubuhi.

Mwanafunzi wako, kama bado,
Shanice Ndila Mutunga


Msidunyi,
2 Julai 2025

Mwanangu Ndila,

Leo naandikia juu ya meza. Stoo iko wazi na Nzilani haimbi, Mungu asifiwe.

Nilikukataza kuandika na hukunisikia. Jumatatu tulikungoja langoni, hukuja. Nikajua kuna kitu umekataa tena. Nikamwambia Kituku, "Mtoto yule haongei, lakini hapindiki." Nilikasirika, nikaogopa, nikachoma maharagwe ya shule nzima.

Jana saa kumi Mwalimu akaja jikoni. Si mlangoni, aliingia mpaka ndani, kwenye moshi. Tulikuwa tumekaa juu ya magunia na chai yetu, tukasimama sote. Akasema, "Hapana, kaeni." Hakuna aliyekaa. Akatoa karatasi akasoma. Ile sauti yake ya gwaride haikuwapo, ilibidi tusogee. Alitutaja kwa majina yetu yote mawili mawili, hata Nzilani ambaye kila siku humwita "wewe wa ufagio". Akasema alikula, akasema alitusainisha uongo ambao aliuandika yeye. Kituku, unamjua mdomo wake, akamuuliza, "Kwani ilikuwa tamu, Mwalimu?" Nikadhani sasa tumekwisha. Mwalimu akatazama sakafu, akasema, "Bi. Tryphena, ilikuwa tamu sana." Ile kanuni ya mlangoni ameibandua mwenyewe kwa kucha. Imebaki gundi tu.

Wageni watapita tena Jumamosi ya tarehe 12 wakirudi kutoka Makwasinyi. Wanataka zile skonzi ambazo hawakuzipata. Nimemuuliza tutandike viti vingapi. Akahesabu kwa vidole kama ni hesabu ngumu. Akasema, "Wao ni sita. Nanyi watano, nami. Viti si viko kumi na viwili?" Nikamwambia na Ndila je? Akasema utakalia kiti chake, yeye mwenyewe atasimama, ameshazoea kula akiwa amesimama. Basi njoo na hamira ya huko kwenu, hii ya hapa imelala kwa baridi, na vifaranga wamekuwa kuku, hawakubali tena kuhamishwa.

Mikataba bado haijaja. Sitakudanganya. Huenda ikaja, huenda isije.

Lakini jambo lililonifanya nichukue kalamu ni hili. Alipomaliza kusoma alitugawia zile karatasi tano. Nzilani aliwashia yake jiko hapo hapo. Kituku aliikunja akaitia kwenye soksi. Mimi niliishika nikaisoma, kwa mara ya kwanza, kila neno, kama nilivyopaswa kusoma siku ile. Kisha nikamwomba Mwalimu kalamu. Nikalikata neno lile lililochapwa, mstari mmoja ulionyooka, na juu yake nikaandika kwa mkono wangu: Nilikula. Nilikuwa nimeketi. Nikatia sahihi upya nikamrudishia.

Akasema, "Bi. Tryphena, hii si lazima. Ni yako, unaweza kuichoma."

Nikamwambia aipeleke kwenye faili, ikae humo.

Mama yako wa jikoni,
Tryphena